Kicheko Kinamwangukia Nani? Msimamo wa Kisiasa wa Mchekeshaji na Mhusika Anayemwigiza

Mwezi Mei 2006, timu iliyokuwa ikimtetea Tom DeLay, mwanasiasa wa chama cha Republican nchini Marekani aliyekabiliwa na kesi ya fedha za kampeni, iliweka kwenye tovuti yake kipande cha mahojiano ya televisheni. Katika kipande hicho mtangazaji aliyevaa suti nadhifu anambana kwa maswali Robert Greenwald, mtayarishaji wa filamu iliyomshutumu DeLay. Timu ile iliamini imepata mtetezi hewani. Kumbe mtangazaji alikuwa Stephen Colbert, mchekeshaji, na maswali yake yalitungwa kuwadhihaki watu wanaowatetea wanasiasa kama DeLay kwa ukali wa namna hiyo.

Waliokosea hapa hawakuwa wageni wa siasa. Walikuwa watu wanaoishi kwa siasa na vyombo vya habari. Kama wao waliteleza, mtazamaji aliyetoka kazini akawasha televisheni apumzishe kichwa atajuaje kama anayemwona anaamini anachokisema au anakicheka? Swali hili limezidi uzito siku hizi, kwa sababu wengi wetu tunakutana na siasa kwanza kupitia vichekesho, tena vipande vya sekunde chache vinavyosambaa kwenye simu bila mwanzo wala mwisho.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba maneno ya mhusika ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote juu ya imani ya mtu anayemwigiza. Ushahidi wenye nguvu uko kwingine: kwa yule anayeangukiwa na kicheko, katika matendo ya mchekeshaji akiwa amemvua mhusika, na katika miaka inayopita. Hata huo nao una mipaka, na mipaka hiyo inatuhusu sana sisi tunaopiga kura.

Jina moja, watu wawili

Kipindi cha The Colbert Report kilianza kurushwa na kituo cha Comedy Central tarehe 17 Oktoba 2005 na kikafungwa tarehe 18 Desemba 2014. Kwa miaka tisa Colbert aliigiza mtangazaji wa mrengo wa kulia anayejiamini kupita kiasi, na kielelezo chake kikuu kilikuwa Bill O'Reilly wa Fox News. Colbert mwenyewe amemweleza mhusika huyo kuwa mjinga mwenye hadhi kubwa, nia njema na taarifa duni.

Ugumu ulianzia kwenye jina, kwa sababu mhusika naye aliitwa Stephen Colbert. Kama muumba wake, alitoka South Carolina na alikuwa Mkatoliki. Colbert halisi ni muumini aliyewahi kufundisha watoto dini parokiani kwake. Kwa hiyo kanuni inayoshikwa na wengi, kwamba ukigeuza kila asemalo mhusika utapata anachokiamini mwigizaji, haifai kitu. Ukiifuata utamgeuza Mkatoliki anayesali kuwa mkana Mungu. Mhusika mzuri wa kejeli huundwa kwa vipande vya kweli na vya uongo vilivyoshonwa pamoja, na mshono hauonekani kwa mbali.

Colbert alikuwa na desturi ya kumtembelea mgeni wake kabla ya kurekodi, akamweleza kwamba mtu atakayekutana naye mezani amechagua kuwa mjinga, na akamwomba amsahihishe kwa moyo wote. Mgeni alikabidhiwa ufunguo wa mazungumzo. Mtazamaji wa nyumbani hakukabidhiwa chochote, ilibidi autafute mwenyewe.

Tena wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya mhusika yule kulikuwa na kikundi cha waandishi, watayarishaji na wahariri. Mzaha uliosikika hewani saa tano na nusu usiku ulikuwa umepita mikononi mwa watu wengi tangu asubuhi. Tunaposema "Colbert anaamini hivi" kwa sababu ya mstari mmoja wa mzaha, huenda tunamtwika mtu mmoja mawazo ya chumba kizima.

Mtazamaji huja na yake

Mwaka 2009 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Heather LaMarre, Kristen Landreville na Michael Beam, walichapisha utafiti uliowahusisha watu 332 walioonyeshwa kipande cha kipindi hicho. Wahafidhina na waliberali hawakutofautiana sana katika kumwona Colbert anachekesha. Walitofautiana katika tafsiri. Waliberali walielekea kusema kwamba anafanya kejeli na hamaanishi asemacho. Wahafidhina walielekea kusema kwamba anajifanya tu kutania, na kwamba moyoni anayamaanisha maneno yake. Kila upande ulimwona ni wa kwao.

Jambo hili ni la zamani kuliko Colbert. Katika miaka ya 1960 BBC ilirusha Till Death Us Do Part, kazi ya mwandishi Johnny Speight, ambamo Alf Garnett, mzee wa mashariki mwa London, aliwatukana wahamiaji, wanawake na kila aliyemtofautia. Speight alikusudia kumwanika mbaguzi achekwe. Warren Mitchell aliyemwigiza alikuwa Myahudi na mtu wa mrengo wa kushoto, lakini alisimulia jinsi watu walivyomfuata kumpongeza kwa kuwasema wageni. Wamarekani walipokichukua kisa hicho na kukifanya All in the Family mwaka 1971, mhusika wao Archie Bunker alipata mapokezi hayohayo. Mwaka 1974 Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watazamaji wenye chuki zaidi ya kibaguzi ndio walioelekea zaidi kumpenda Archie na kumwona kuwa anasema yenye maana.

Sababu ni kwamba kejeli haijitoshelezi. Inahitaji msikilizaji aje na ujuzi fulani kuhusu msemaji. Katika jamii nyingi za Tanzania mtani anaweza kufika msibani akamsema marehemu kwa ubahili na ulafi, akadai urithi wake, na watu wakacheka huku wakilia. Hakuna anayehitimisha kwamba amefurahia kifo, kwa kuwa uhusiano wa utani ulikuwepo kabla ya mzaha na kila aliyeketi pale anaujua. Televisheni imechukua mzaha ikauacha uhusiano. Mtazamaji hamjui mchekeshaji, wala mchekeshaji hamjui mtazamaji. Pengo linalobaki, mtazamaji hulijaza kwa kitu anachokijua zaidi, yaani maoni yake mwenyewe.

Funzo la kwanza basi linamhusu kila mmoja wetu. Ukitazama kichekesho cha siasa ukahisi mchekeshaji anawaza kama wewe neno kwa neno, hisia hiyo ishuku kabla ya kuiamini. Huenda unajisikia mwenyewe.

Wahusika si wa aina moja

Kosa jingine ni kuwasoma wahusika wote kwa kipimo kimoja. Kuna angalau aina tatu, na kila moja inaficha jambo tofauti.

Aina ya kwanza ni mhusika wa kinyume: Colbert, Alf Garnett, Archie Bunker. Mwigizaji anavaa mawazo anayoyapinga na kuyasukuma mpaka upuuzi wake uonekane. Hatari yake tumeshaiona. Anayeyapenda mawazo hayo hucheka pamoja na mhusika, wala hamcheki.

Aina ya pili ni mwigaji wa kiongozi. Hapa Afrika Mashariki ndiyo tunayoifahamu zaidi. Nchini Kenya, miaka ya mwisho ya utawala wa Daniel arap Moi, kundi la Redykyulass lilimwiga rais hadharani, sauti, mwendo na yote, katika nchi ambamo kwa muda mrefu jambo hilo lisingewazika. Watazamaji wengi walichukulia kwamba Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie walikuwa sauti ya upinzani. Lakini kumwiga mkubwa hakutuambii mwigaji anataka nchi iendeshwe vipi. Kiarie aliingia bungeni mwaka 2017 akiwa mbunge wa Dagoretti Kusini kwa tiketi ya Jubilee, chama kilichokuwa madarakani, akachaguliwa tena mwaka 2022 kwa tiketi ya UDA. Mwaka huohuo wa 2022 Mong'are alitaka kuwania urais kupitia Umoja Summit Party. Sioni unafiki hapa. Maigizo yao yalidai kitu kimoja, kwamba mtawala anaweza kuchekwa, na dai hilo mtu wa chama chochote anaweza kulishika. Yale ya ziada tuliyaongeza sisi.

Aina ya tatu ni mhusika wa ndoto, mtu mwema ambaye hadhira ingependa awepo. Kuanzia mwaka 2015 Volodymyr Zelensky, mchekeshaji wa Ukraine, aliigiza katika Servant of the People mwalimu wa historia, Vasyl Holoborodko, anayejikuta rais kwa sababu ya hasira yake dhidi ya rushwa. Chama kikaanzishwa kwa jina la tamthilia hiyo, na mwezi Aprili 2019 Zelensky akashinda urais kwa takriban asilimia 73 ya kura katika duru ya pili. Mhusika wa kinyume hutufanya tuulize kama mwigizaji ni mbaya kama anavyoonekana. Mhusika wa ndoto hutufanya tusiulize chochote. Mpiga kura alijua mengi kuhusu Holoborodko. Kuhusu sera za Zelensky mwenyewe alijua machache, na hakuona haja ya kuuliza zaidi, kwa sababu alishamwona "akitawala" sebuleni kwake.

Ushahidi ulipo

Kipimo cha kwanza ni mwelekeo wa kicheko. Usiulize mhusika amesema nini. Uliza nani ameonekana mdogo baada ya kusema. Tarehe 29 Aprili 2006 Colbert alihutubia chakula cha jioni cha waandishi wa habari wa Ikulu ya Marekani, George W. Bush akiwa ameketi hatua chache kutoka kwake. Kwa maneno yalikuwa mapambio tupu. Mhusika alimsifu rais kwa uthabiti wa imani ambayo hakuna tukio linaloweza kuibadilisha. Lakini sifa hiyo ilikuwa shtaka, kwani ilimwonyesha kiongozi asiyejifunza kutokana na yanayotokea. Kisha akawageukia waandishi wenyewe, akawapongeza kwa kutochokonoa mambo mazito ya miaka ile. Ukifuatilia kicheko unapata jambo mahususi zaidi ya "Colbert anawachukia Republican." Unamwona mtu anayekerwa na mamlaka yasiyohojiwa, na anayewalaumu wenye kazi ya kuhoji sawa na wanaopaswa kuhojiwa.

Kipimo cha pili ni pale mhusika anapovuliwa. Tarehe 24 Septemba 2010 Colbert alitoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi kuhusu vibarua wahamiaji wa mashambani, baada ya kufanya kazi siku moja shambani katika jimbo la New York kwa mwaliko wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, United Farm Workers. Karibu ushahidi wote aliutoa akiwa mhusika, na baadhi ya wabunge walikereka. Kisha mbunge Judy Chu akamuuliza kwa nini alichagua suala hili. Colbert akajibu kwa sauti yake mwenyewe: anapenda kuwasemea watu wasio na nguvu, na hawa wanakuja kufanya kazi zetu bila kuwa na haki yoyote. Akagusa maneno ya Injili ya Mathayo kuhusu walio wadogo kuliko wote. Dakika hiyo moja ina uzito kuliko vipindi vingi. Hapakuwa na mzaha wa kumkinga, na imani yake ya dini na msimamo wake wa kijamii vilionekana vikitoka katika chemchemi moja.

Kipimo cha tatu ni kile mtu anachokigharimia. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Citizens United, ilifungua mlango kwa mashirika kutumia fedha bila kikomo katika kampeni. Colbert angeweza kufanya mizaha ya wiki moja akaliacha. Badala yake alikwenda kwenye Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, akapata kibali mwezi Juni 2011 cha kuanzisha kamati yake ya fedha za siasa, na akamleta kipindini wakili Trevor Potter, mwenyekiti wa zamani wa tume hiyohiyo, ampitishe hatua kwa hatua katika sheria. Kamati ilichangisha zaidi ya dola milioni moja. Mapema mwaka 2012, mhusika alipotaka kujitosa katika mbio za urais, kamati hiyo ilikabidhiwa kwa mchekeshaji mwenzake Jon Stewart mbele ya watazamaji kwa saini tu, ili ionekane jinsi ukuta unaotenganisha mgombea na fedha hizo ulivyo mwembamba. Fedha zilizobaki ziligawiwa kwa mashirika ya hisani. Mtu hafanyi kazi ya zaidi ya mwaka mzima, pamoja na mawakili na makaratasi, kwa jambo lisilomgusa.

Hapa inaingia pia familia. Mwaka 2013 dada yake, Elizabeth Colbert Busch, aligombea ubunge South Carolina kwa tiketi ya Democratic dhidi ya Mark Sanford, akashindwa. Colbert alimsaidia kuchangisha fedha akiwa yeye mwenyewe, bila mhusika. Ni ushahidi, lakini uupime kwa haki. Ndugu humsaidia ndugu hata pale wasipokubaliana kwa kila jambo.

Kipimo cha nne ni muda. Tangu Septemba 2015 Colbert aliongoza The Late Show ya CBS bila mhusika wa kinyume, na ukosoaji wake dhidi ya Donald Trump ukawa wa wazi usiku baada ya usiku. Aliyekuwa amesoma vizuri mwelekeo wa kicheko tangu 2006 hakushangaa. Aliyesoma maneno peke yake alilazimika kuanza upya.

Mipaka ya ushahidi huu

Vipimo hivi vinne vikikubaliana, tuna haki ya kusema tumejua jambo. Lakini tujue tumejua nini hasa. Kejeli hufichua kinachopingwa kwa uwazi mkubwa na kinachotakiwa kwa uwazi mdogo. Kutokana na kazi ya Colbert naweza kusema kwa uhakika kwamba alipinga fedha zisizo na kikomo katika siasa na dharau kwa vibarua wahamiaji. Siwezi kutoka hapo nikakadiria kiwango cha kodi anachokiona cha haki. Kumpinga mtu fulani hakumfanyi mpingaji kuwa mwanachama wa upande wa pili, wala kuwa mwanachama hakumfanyi akubali kila kifungu cha ilani.

Mhusika wa kinyume ana udhaifu mwingine unaosahaulika. Hana njia nyepesi ya kuukosoa upande ambao mwigizaji anauelekea. Mhusika wa Colbert alipomshambulia Barack Obama, hadhira ilielewa kwamba wanaochekwa ni washambuliaji wa Obama. Kwa hiyo hata kama Colbert mwenyewe alikuwa na lawama ya kweli dhidi ya rais huyo, mdomo wa mhusika ungeigeuza kuwa utetezi. Ukimya wa mchekeshaji juu ya jambo fulani usisomwe haraka kuwa ni kukubali. Wakati mwingine umetokana na umbo la kazi yake.

Gharama ya kusoma vibaya

Kusoma vibaya kuna watu kunaowaumiza. Mwezi Machi 2014 akaunti ya mtandaoni iliyoendeshwa na kituo cha Colbert ilituma sentensi moja ya mhusika yenye maneno ya kuwadhalilisha watu wenye asili ya Asia. Katika kipindi, sentensi hiyo ilikuwa sehemu ya kumdhihaki mmiliki wa timu ya mpira wa Kimarekani aliyeanzisha taasisi ya kuwasaidia wenyeji wa asili wa Marekani huku aking'ang'ania jina la timu linalowatusi. Ilipokatwa na kusimama peke yake, lilibaki tusi tupu, na watu wakadai kipindi kifungwe. Hasira yao ilikuwa na msingi. Aliyeikata sentensi aliiacha bila kitu pekee kilichoifanya iwe kejeli. Anayesambaza kipande cha mzaha bila muktadha anabeba sehemu ya lawama, awe anampenda mchekeshaji au anamchukia.

Kosa hilo likifanywa na dola, gharama yake huwa uhuru wa mtu. Mwezi Oktoba 2019 mchekeshaji wa Tanzania Idris Sultan aliitwa polisi baada ya kusambaza picha zilizobadilishana sura yake na ya Rais John Magufuli. Mwezi Mei 2020 alikamatwa tena baada ya kuonekana kwenye video akicheka picha ya zamani ya rais huyo. Hapo hapakuwa hata na mhusika. Kulikuwa na kicheko tu, na kikasomwa kuwa msimamo. Lakini kicheko peke yake hakithibitishi chuki, kama ambavyo kuigiza hakuthibitishi imani. Dola inayodai kuijua nia ya raia kutokana na kicheko inajipa uwezo ambao hata watafiti wenye vipimo na mamia ya washiriki hawajaupata.

Nasi watazamaji tuna wajibu wetu. Tumezoea kuwaona wachekeshaji wakihama kutoka jukwaani kwenda kwenye siasa, nao wana haki hiyo kama raia wengine. Kicheko walichotupa ni zawadi, na mara nyingi ni ujasiri uliotusaidia sote. Lakini siku mchekeshaji anapoomba kura, tusimpigie kura mhusika. Tumuulize aliye mbele yetu anasema nini kuhusu bajeti, ardhi, shule na hospitali. Tuangalie alichokigharimia alipokuwa hachekeshi, tumpime kama mgombea mwingine yeyote, na asipojibu, tumnyime kura hata kama tunampenda.